Soksi za Ardohain

Tulikuwa watatu, meza moja, na hita iliyonuka gesi.
Paysandú, mwezi wa saba. Mto ulikuwa umepanda na kushuka,
ukaacha mstari wa tope kwenye ukuta wa maktaba
usawa wa kiuno changu.
Picha mia mbili na kumi na nne za magazeti ya mikoani,
mwaka mzima wa watu waliosimamishwa
mguu mmoja hewani.

Washington Bentancur alizishika kama mtu anayegawa karata.
Miaka thelathini amepiga picha za mpira, kachuchumaa kando ya goli;
goti moja halikunjiki tena.
Hapana. Hapana.
Waziri na mkasi, hapana.
Waziri yuleyule, mkasi mwingine, hapana.
Fahali wa maonyesho na mwenye fahali,
wamefanana mpaka kidevuni:
hiyo tukaicheka kwanza, ndipo hapana.

Mimi waliniita kwa sababu niliosha filamu za wenzangu
miaka ishirini na sita, gizani, chini ya taa nyekundu.
Sikuwahi kufika penye moto wala penye ajali.
Kila jambo lilitokea mara mbili,
na mara ya pili lilitokea kwenye beseni langu,
polepole, likianzia na macho.

Saa kumi zilibaki mbili.

Ya kwanza: mtoto juu ya paa, maji pande zote,
chozi moja, na nuru imemwangukia shavuni
kana kwamba imelipwa kuja.
Washington akaondoa miwani. Hii, alisema, hii haina ubishi.
Nelba Arrillaga akaigeuza nyuma.
*Mtoto, mafuriko.* Basi.
“Mtoto wa nani?” akauliza.
“Aliteremka?”
Hita ikakohoa.

Ya pili imekaa upande, kama fremu iliyogongwa na mlango.
Bega la mtu limekula theluthi ya picha.
Dirisha la stoo ya machinjio, siku ya mwisho;
mwanamume anasukuma buti za mpira juu ya kaunta,
amesimama kwa soksi kwenye saruji yenye maji,
kidole gumba cha kushoto kimechungulia nje.
Karani hamtazami. Anatazama nyayo za buti.
Na nyuma, foleni nzima imeinamisha vichwa,
kila mmoja anaangalia miguu yake.

Nyuma yake, kwa mwandiko wa haraka:
*Rúben Ardohain, 58, mkata nyama, akirudisha buti, saizi 43.
Kampuni ilisema ni mali yake.*
Mali ya nani, sentensi haikufafanua.

“Bega,” alisema Washington. “Mwanafunzi angelikwepa.”
“Bila bega,” alisema Nelba, “ni mtu mmoja amefukuzwa kazi.”
Wakabishana habari ya mwanga, habari ya fokasi,
chai ya mate ikapoa, nani anywe hakuna.
Kisha Washington akanyamaza,
akaenda dirishani na goti lake,
akarudi, akainama tena juu ya meza.
“Alifikaje nyumbani?” aliuliza.
“Ilikuwa baridi siku ile. Nakumbuka.”
Kalamu ikashuka yenyewe.

Agosti, Ardohain alikuja kwenye maonyesho.
Viatu vimepigwa kiwi, mkewe pembeni.
Alijitazama muda mrefu kuliko sisi tulivyomtazama.
Tulingoja aseme neno.
“Huyu amenikasirikia,” alisema.
“Soksi nzima zilikuwa kabatini.”
Mkewe hakucheka.

Na yule mtoto wa paani
yumo kwenye bahasha, droo ya juu, chini ya risiti za umeme.
Picha nzuri. Bado nzuri.
Namba ya gazeti lile ninayo.
Kila Jumatatu naweka mkono kwenye simu.